Usalama, afya na marehemu katika barua moja: namna ya kuisoma taarifa ya mbunge wa jimbo la Maine

Mtu anayepokea kwa mara ya kwanza taarifa ya mbunge wa jimbo nchini Marekani anaweza kudhani ameletewa barua tatu zilizochanganywa. Mwanzoni zinatajwa bunduki na polisi. Kisha inakuja bima ya afya, dawa za kulevya, na namba ya simu ya kupiga mtu anapozidiwa na mawazo. Halafu wanakumbukwa waliokufa: bendera zimeshushwa nusu mlingoti, kuna mkusanyiko siku fulani, wote mnakaribishwa. Chini kuna saini na ahadi kwamba mlango wa mheshimiwa uko wazi.

Katika jimbo la Maine, kaskazini mashariki kabisa mwa Marekani, mambo hayo matatu yamefungwa pamoja na usiku mmoja. Tarehe 25 Oktoba 2023, mjini Lewiston, mwanamume mmoja aliua watu 18 na kuwajeruhi kwa risasi wengine 13. Tangu hapo mbunge wa huko akigusa usalama analazimika kugusa afya ya akili, na akigusa afya ya akili anarudi kwa marehemu wa Lewiston.

Maine ina watu wengi wanaosema Kiswahili, waliotoka Kongo, Burundi na Rwanda, hasa Portland, Lewiston na miji ya jirani. Lewiston kwenyewe wapo pia Wasomali Wabantu, na baadhi yao bado wanasema Kizigua, lugha ya mababu zao waliochukuliwa utumwani kutoka pwani ambayo leo ni Tanzania. Wengi wamepitia kambi za Dadaab na Kakuma. Barua za mbunge zinawafikia kwa Kiingereza cha kisheria, zinawekwa juu ya friji, baadaye zinatupwa. Nawaandikia hao kwanza, halafu ndugu zao walioko nyumbani ambao husikia habari za Marekani vipande vipande.

Jina la muuaji sitaliandika. Halihitajiki katika kuelewa jambo hili.

Huyu mbunge ana mamlaka gani

Marekani ina bunge la taifa lililoko Washington, na kila jimbo lina bunge lake. Msomaji wa Kenya asimlinganishe mbunge wa jimbo na mwakilishi wadi. Mwakilishi wadi hatungi sheria ya mauaji wala ya umiliki wa bunduki. Mbunge wa jimbo la Marekani anatunga. Makosa mengi ya jinai, leseni za madaktari na masharti ya kumlaza mgonjwa hospitalini bila hiari yake huamuliwa na majimbo. Ndiyo maana ukivuka mpaka kutoka Maine kuingia New Hampshire unakuta sheria nyingine za bunduki, ingawa barabara ni ileile.

Bunge la Maine hukutana Augusta. Baraza la Wawakilishi lina wajumbe 151 na Seneti ina wajumbe 35, na wote huchaguliwa kila baada ya miaka miwili. Jimbo zima lina watu takriban milioni 1.4, kwa hiyo mwakilishi mmoja anawasemea watu wapatao 9,000. Kata moja ya Dar es Salaam inaweza kuwa na watu mara kadhaa ya hao. Faida yake ni kwamba mwakilishi anafikika. Utamkuta sokoni, utamkuta kwenye mechi ya watoto, na wengi wao wana kazi nyingine kwa sababu vikao huchukua miezi kadhaa tu ya mwaka. Mwaka 2022 Mana Abdi wa Lewiston na Deqa Dhalac wa South Portland walichaguliwa kuwa Wamarekani wa kwanza wenye asili ya Somalia katika bunge hilo.

Mamlaka hayo yana mipaka. Mbunge hawezi kumwamuru polisi akamkamate fulani. Hawezi kumfukuza sherifu, kwa kuwa sherifu huchaguliwa na wananchi wa kaunti. Na jeshi hawezi kuligusa, maana ni la serikali ya shirikisho. Mipaka hii mitatu inafaa kukumbukwa, kwani msiba wa Lewiston ulipitia humo humo.

Onyo lilitolewa, tena mapema

Ilikuwa karibu saa moja jioni, tarehe 25 Oktoba 2023. Familia zilikuwa kwenye ukumbi wa boling wa Just-In-Time Recreation wakati risasi zilipoanza. Dakika kama 12 baadaye muuaji alikuwa amekwishafika Schemengees Bar & Grille, kilomita sita na ushee kutoka pale. Mdogo kabisa kati ya waliouawa alikuwa na miaka 14, mkubwa kabisa 76. Wakazi wa Lewiston na miji ya jirani waliagizwa wajifungie ndani, na amri hiyo ilidumu hadi karibu siku mbili. Tarehe 27 maiti ya muuaji ilipatikana mji wa Lisbon. Alikuwa amejiua.

Linalouma zaidi ni yaliyotangulia. Mtu huyo alikuwa askari wa akiba wa jeshi la nchi kavu. Mei 2023 familia yake iliwaambia polisi wa kaunti kwamba amebadilika, anaamini watu wanamsema vibaya, na ana silaha nyingi. Julai, akiwa mazoezini jimbo la New York, askari wenzake waliingiwa na hofu naye. Akapelekwa hospitali na kulazwa wiki mbili. Septemba rafiki yake wa jeshini alimwandikia mkubwa wao ujumbe wa kuonya kwamba huyu mwenzao anaweza kuja kuwamiminia watu risasi. Maofisa wa sherifu wa kaunti ya Sagadahoc walikwenda nyumbani kwake mara mbili katikati ya mwezi huo. Hawakuonana naye. Shughuli ya kumwondolea bunduki ikaachiwa familia.

Lakini sheria ya kumwondolea silaha mtu wa namna hiyo ilikuwepo. Ilipitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Julai 2020. Watu huiita sheria ya bendera ya njano, na utaratibu wake ni huu. Polisi wakipata taarifa kwamba mtu anahatarisha maisha yake au ya wengine, wanamchukua na kumweka chini ya ulinzi kwa usalama wake. Mtaalamu wa tiba anamtathmini. Mtaalamu akikubali kwamba hatari ipo, polisi wanapeleka ombi kwa jaji. Jaji akiidhinisha, mtu anasalimisha silaha zake, na ndani ya siku 14 kesi inasikilizwa ili kuamua kama zuio liendelee hadi mwaka mmoja. Hiyo hatua ya daktari ndiyo iliyoitofautisha Maine na majimbo mengine. Waliotunga sheria waliiweka ili mtu asinyang'anywe mali yake kwa uvumi tu, na katika jimbo la wawindaji kama Maine hilo si jambo dogo.

Tangu ianze mpaka siku ya mauaji, sheria hiyo ilitumika mara 81 katika jimbo zima. Kwa mtu huyu haikutumika hata mara moja.

Gavana Janet Mills na Mwanasheria Mkuu Aaron Frey waliunda tume huru ya watu saba, mwenyekiti akiwa Daniel Wathen, aliyewahi kuwa Jaji Mkuu wa Maine. Hapa bunge lilikuwa na kazi yake: lilipitisha sheria ya kuipa tume mamlaka ya kuwaita mashahidi kwa lazima na kudai nyaraka. Bila hiyo tume ingebaki kuomba. Ripoti ya mwisho ilitoka Agosti 2024, na ilisema bila kuzunguka kwamba ofisi ya sherifu ilikuwa na sababu za kutosha kisheria za kumchukua mtu yule Septemba 2023 na kuanzisha utaratibu wa bendera ya njano. Iliwalaumu pia wakubwa wake wa jeshi la akiba kwa kutochukua hatua walizoweza kuchukua.

Kwa hiyo tatizo lilikuwa na sura mbili. Sheria ilikuwa na hatua nyingi na ngumu, na waliopaswa kuitumia hawakuitumia. Ya kwanza mbunge anaweza kuirekebisha kwa kalamu. Ya pili anaweza kuisukuma tu, kwa fedha za mafunzo, kwa kudai takwimu, kwa kuwahoji wahusika mbele ya kamati. Taarifa ya mbunge inayozungumzia sheria mpya peke yake, bila kusema nani sasa anafundishwa kuitumia na imetumika mara ngapi, imeeleza nusu ya habari. Kwa haki, matumizi yalipanda sana baada ya msiba: ndani ya mwaka mmoja maombi yalihesabika kwa mamia.

Miswada minne, miisho minne

Wasomaji wengi hupotelea hapa. Barua inasema "niliunga mkono," "tulipitisha," "nilipigania," na mtu anatoka akiamini kila kilichotajwa kimekuwa sheria. Mwezi wa Aprili 2024 unaonyesha vizuri jinsi miswada inavyoachana njia.

Muswada wa kwanza, LD 2224, ulitoka kwa gavana mwenyewe. (LD ni alama inayotangulia namba ya kila muswada Maine, atakayeijua namba anaweza kuufuatilia mpaka mwisho.) Ulitaka mnunuzi achunguzwe historia yake hata kwa bunduki inayouzwa na mtu binafsi, endapo imetangazwa au inauzwa kwenye maonyesho. Uliwawezesha polisi kuomba hati ya jaji ya kumchukua mtu anayejificha nyuma ya mlango, yaani hali ileile ya Septemba 2023. Uliweka pia mpango wa kuzuia vurugu chini ya idara ya afya ya jimbo. Gavana aliusaini.

Wa pili, LD 2238, ulimtaka mnunuzi wa bunduki asubiri saa 72 kabla ya kukabidhiwa. Lengo lake halikuwa kuzuia mauaji ya halaiki. Maine, sehemu kubwa kabisa ya vifo vya bunduki ni vya watu wanaojiua, na mtu aliyepandwa na wazo la kujiua akicheleweshwa siku tatu anaweza kuvuka salama. Ulipita kwa kura chache sana. Gavana hakuusaini wala hakuukataa. Alieleza kwamba jambo hilo limemwia gumu, akauacha uwe sheria bila saini yake. Katiba ya Maine inaruhusu hivyo: siku kumi zikipita bunge likiwa kikaoni na gavana hajafanya lolote, muswada unakuwa sheria. Ulianza kutumika Agosti 2024.

Wa tatu ulipiga marufuku vifaa vinavyoifanya bunduki ya kawaida ifyatue mfululizo kama bunduki ya rasharasha. Ulipita mabaraza yote mawili, gavana akaupinga kwa kura yake ya turufu, ukafa.

Wa nne ulikuwa sheria ya bendera nyekundu, ambayo ingeiruhusu familia kwenda moja kwa moja kwa jaji bila kupitia tathmini ya daktari. Uliletwa na Spika Rachel Talbot Ross mwishoni mwa kikao. Bunge likafunga bila kuupigia kura.

Miswada minne iliyotokana na msiba mmoja, mwezi mmoja, chama kimoja kikiwa na wingi katika mabaraza yote mawili na kikishika ugavana, na bado kila mmoja uliishia mahali pake. Mbunge anaweza kuandika kwa ukweli mtupu kwamba "aliunga mkono miswada minne ya usalama." Msomaji asipouliza kila mmoja ulifika wapi, amebaki na picha isiyo sahihi.

Upo pia mwisho wa tano, na huo ndio usiojulikana kabisa. Muswada unaohitaji fedha, hata ukishapitishwa na Baraza la Wawakilishi, huwekwa Seneti kwenye kile wanachokiita meza ya matumizi. Unakaa pale mpaka kamati ya bajeti itafute fedha. Mingi haiinuki. Hufa kimya kikao kinapofungwa, bila mbunge yeyote kuonekana ameipigia kura ya hapana. Ukiona katika barua maneno "umepita Baraza la Wawakilishi na sasa unasubiri fedha," jua uko kwenye meza hiyo.

Wananchi wakachukua kalamu

Katiba ya Maine inawapa wananchi njia ya kulizunguka bunge. Wakikusanya sahihi kufikia asilimia 10 ya kura za uchaguzi wa gavana uliopita, hoja yao inapelekwa bungeni. Bunge lisipoipitisha kama ilivyo, inaenda kwa wapiga kura. Waliotaka bendera nyekundu walihitaji sahihi zaidi ya 67,000 na walizipata. Gavana Mills alipinga hadharani, akisema sheria ya njano inafanya kazi na kwamba familia isibebeshwe mzigo wa polisi. Hoja hiyo haikuwa ya kupuuzwa. Mwanamke anayemwogopa mumewe kwenda kumshitaki mahakamani peke yake si jambo jepesi. Upande wa pili, familia ya muuaji wa Lewiston ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuona na kusema, na chini ya sheria ya wakati ule haikuwa na mlango wa mahakama wa kubisha.

Novemba 2025 wapiga kura zaidi ya asilimia 60 walisema ndiyo. Matokeo yake Maine ina njia mbili pamoja: ile ya njano inayopitia polisi na daktari, na ile nyekundu ambapo ndugu, mtu wa nyumbani au polisi anapeleka ombi mahakamani moja kwa moja.

Mahakama nazo zina neno lao. Februari 2025 jaji wa shirikisho alizuia sheria ya kusubiri saa 72 isitekelezwe wakati kesi inaendelea, akiona kwamba walioipinga wana nafasi nzuri ya kushinda chini ya kifungu cha Katiba ya Marekani kinacholinda haki ya silaha. Jimbo likakata rufaa. Kwa hiyo hata "imekuwa sheria" haimaanishi kwamba dukani inafuatwa leo.

Kwa nini afya inaingia hapa

Nitangulize jambo moja, kwa sababu mazungumzo ya Lewiston hupotoka kirahisi. Mgonjwa wa akili si muuaji. Walio wengi kabisa hawamdhuru mtu, na wengi wao ndio wanaodhuriwa. Katika jamii zetu ambazo tayari mtu anaficha ugonjwa huu kwa aibu, kuufunga na mauaji ni kumfukuza mgonjwa asiende kutibiwa.

Walichokiona wabunge wa Maine ni kwamba mtu anayezidiwa usiku hana pa kwenda isipokuwa chumba cha dharura cha hospitali au mikononi mwa polisi. Portland kilikuwepo kituo cha kupokea watu wenye dharura ya afya ya akili, saa zote, bila miadi. Mwaka 2024 jimbo lilitenga fedha za kuanzisha kingine Lewiston kwa mfano huo. Kabla ya hapo, Novemba 2023, kilikuwa kimefunguliwa mjini humo kituo cha kuwahudumia walioguswa na mauaji: majeruhi, ndugu wa marehemu, wahudumu wa kwanza kufika, na hata aliyekuwa nyumbani tu akajifungia siku mbili na tangu hapo hapati usingizi. Kwa mtu aliyekimbia milio ya bunduki Kivu na kuikuta tena Lewiston, kundi hilo la mwisho linamhusu.

Namba 988 inayotajwa mwishoni mwa barua nyingi ni ya taifa zima tangu Julai 2022. Ni ya bure, saa 24, na mkalimani anaweza kuunganishwa kwenye simu. Anayepiga si lazima awe anataka kujiua. Anaweza kuwa mama anayehofia mwanawe.

Halafu kuna bima. Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, Maine inaitwa MaineCare. Mwaka 2017 wapiga kura waliamua ipanuliwe kwa watu wazima wengi zaidi, gavana wa wakati huo akagoma kuitekeleza, na ikaanza Januari 2019 Mills alipoingia. Tangu Julai 2022 watoto na vijana chini ya miaka 21, pamoja na wajawazito, wanaweza kupata MaineCare hata kama hali yao ya uhamiaji isingewaruhusu chini ya sheria ya shirikisho, mradi kipato kinaruhusu. Hilo liliamuliwa Augusta, si Washington, na linaweza kubadilishwa Augusta. Familia inayosubiri kesi ya hifadhi inapaswa kuisoma sehemu ya afya ya barua ya mbunge kabla ya sehemu nyingine zote.

Dawa za kulevya huwekwa hapohapo kwenye afya. Mwaka 2022 zaidi ya watu 700 walikufa Maine kwa kuzidisha dawa. Mwaka 2024 walikuwa chini ya 500. Kusambaza naloxone, dawa ya kupuliza puani inayomrudishia pumzi aliyezidiwa na afyuni, kumechangia. Bado ni vifo vingi mno kwa jimbo dogo hivyo.

Mkalimani ndani ya picha

Kati ya waliouawa Schemengees, wanne walikuwa viziwi. Jioni ile viziwi wa eneo hilo walikuwa wamekutana kucheza mchezo wa kurusha vifuko kwenye ubao wenye tundu. Katika siku za msako, serikali ilipozungumza na waandishi, mkalimani wa lugha ya alama alisimama pembeni ya msemaji. Baadhi ya kamera zilimkata. Kamishna wa usalama Michael Sauschuck alilazimika kuwaomba waandishi wamwache mkalimani ndani ya picha, kwa sababu miongoni mwa wafiwa wapo wasioweza kusikia anachokisema.

Naona jambo hili ni zito kuliko linavyopewa nafasi. Amri ya "jifungieni ndani" haina maana kwa asiyeielewa. Kiziwi aliyekatiwa mkalimani na bibi wa Kikongo aliyepata ujumbe wa simu kwa Kiingereza wako katika hatari ileile usiku uleule. Mbunge anayeandika kuhusu usalama wa jamii anaweza kuulizwa swali la moja kwa moja: tahadhari ya dharura ikitoka kesho, itatoka kwa lugha zipi, na nani analipwa kuzitafsiri?

Kumbukumbu nayo ni kazi ya bunge

Wapo wanaoiruka sehemu ya mwisho ya barua wakidhani ni salamu za rambirambi tu. Lakini nayo ina ngazi zake.

Ngazi ya kwanza ni amri ya bendera. Gavana ndiye huagiza bendera za jimbo zishushwe nusu mlingoti, na kwa Lewiston Rais Biden aliagiza hivyohivyo kwa taifa. Mbunge hapo anatoa taarifa tu. Ya pili ni andiko la kumbukumbu la bunge. Mbunge yeyote wa Maine anaweza kuandaa maneno machache ya kumtaja marehemu wa eneo lake: alikuwa nani, alifanya kazi gani, alijitolea wapi. Andiko linaingia kwenye orodha ya shughuli za kikao na kubaki katika kumbukumbu rasmi. Halina nguvu ya sheria, wala haligharimu kitu, na familia inaweza kuliomba. Sidhani Waswahili wengi wa Maine wanajua kwamba mzee wao aliyefia ugenini, aliyetafsiria watu hospitalini bila malipo miaka nenda rudi, anaweza kutajwa kwa jina katika bunge la Augusta.

Ya tatu ni siku rasmi, na hiyo huhitaji sheria kamili. Mwaka 2019 Maine iliibadilisha siku ya Columbus kuwa Siku ya Wenyeji wa Asili, na 2021 ikaifanya tarehe 19 Juni, kumbukumbu ya mwisho wa utumwa Marekani, kuwa sikukuu ya jimbo.

Lewiston ilipotimiza mwaka, tarehe 25 Oktoba 2024, watu walikusanyika katika ukumbi wa Colisée. Ukumbi wa boling ulikuwa umefunguliwa tena tangu Mei. Uamuzi huo uliwagusa wafiwa kwa namna tofauti, na sioni sababu ya kuwataka wote wahisi sawa. Msiba mkubwa hivi haukai katika sehemu moja: wengine wanauombolezea kwenye mkusanyiko, wengine kwa kurudi kucheza, wengine kwa kwenda Augusta kusimama mbele ya kamati na kusoma karatasi huku mikono ikitetemeka.

Hilo la mwisho liko wazi kwa kila mtu. Karibu kila muswada Maine husikilizwa hadharani mbele ya kamati, na mtu yeyote anaweza kusema, kwa kawaida dakika tatu. Uraia hauulizwi. Asiyeweza kupiga kura kwa sababu hajawa raia anaweza kutoa ushahidi, kwa mdomo, kwa maandishi au kwa njia ya video, na anayehitaji mkalimani aombe mapema kwa ofisi ya kamati. Ndivyo familia za Lewiston zilivyofanya majira ya baridi ya 2024, pande zote mbili za hoja: waliotaka bunduki zidhibitiwe, na waliosema bunduki hazikuwa na kosa bali waliopuuza onyo.

Kwa hiyo barua ijayo ikifika, tafuteni namba za LD. Kwa kila namba mwandikieni mheshimiwa, hata kwa sentensi mbili: muswada huu umesainiwa, umekuwa sheria bila saini, umepigwa turufu, au uko kwenye meza ya matumizi? Kama ni sheria, inatumika leo au mahakama imeizuia? Ofisi ya sherifu wa kaunti yetu imeutumia utaratibu wa bendera ya njano mara ngapi mwaka huu? Na kituo cha dharura ya afya ya akili kilicho karibu nasi kiko mtaa gani, na atakayefika saa nane za usiku akiwa anasema Kiswahili tu atapokelewa na nani?